Maumivu Yana Saa Zake



Majuma machache yaliyopita kundi moja la vijana lilirudi kutoka kuwatembelea wagonjwa, alasiri ya Dominika, na msemaji wao akatoa ripoti kwa maneno mafupi: «Koko yule haumwi. Tumemkuta ameketi mlangoni anachambua maharagwe. Ametusalimu kwa kicheko, ametuuliza habari za masomo.» Wenzake wakaitikia, na katika daftari ikaandikwa kwamba sabuni na chumvi apewe mwingine. Sisi tulikuwepo, tukanyamaza, kwa maana nasi tulikuwa tumekiona kicheko kile kile.

Siku tatu baadaye mjukuu wa mama yule, mtoto wa miaka kumi hivi, alituambia jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Kila usiku, kabla jogoo wa kwanza hajawika, koko wake huketi kitandani akiyakumbatia magoti, akilia bila sauti ili watoto wasiamke. Asubuhi vidole vyake haviwezi kufungua kifuniko cha dumu la maji. Ni mtoto anayemfungulia. Jua likishapanda, vidole hulegea, naye huketi mlangoni na maharagwe yake.

Basi ni nani aliyesema uongo: kicheko cha alasiri au kilio cha usiku? Jibu letu ni kwamba hakuna uongo hapa. Maumivu ya muda mrefu yana saa zake, kama jua lilivyo na saa zake, na mtu anayemtazama mgonjwa kwa saa moja tu ya siku hajamwona mgonjwa. Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu katika vijiji vyetu kutolijua kunawaumiza watu mara mbili: kwanza mwilini, kisha kwa ulimi wa jirani.

Wengi wenu mnaufahamu ule mmea mdogo wa kando ya njia ambao majani yake hujikunja unapoguswa. Usiku pia hujikunja, na mchana hufunguka. Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, Jean-Jacques de Mairan, alieleza jinsi mmea wa namna hiyo ulivyofungiwa gizani. Jua halikuufikia, hata hivyo majani yake yaliendelea kufunguka wakati wa mchana na kujikunja wakati wa usiku. Mmea, kwa namna fulani, ulikuwa na saa ndani yake. Walimu wanafunzi tunaowalea wanaweza kulirudia jaribio hilo kwa sanduku la mbao na uvumilivu wa siku mbili tatu; halihitaji fedha.

Saa hiyo imo ndani yetu pia. Katika ubongo, juu kidogo ya mahali ambapo mishipa ya macho hupishana, kuna fungu dogo la chembe hai zipatazo 20,000 zinazoshika mapigo ya siku nzima, na mwanga wa asubuhi unaoingia machoni ndio unaozirekebisha zisichelewe wala zisiwahi. Hata chembe za ini, za ngozi na za misuli zina saa zao ndogo zinazoifuata ile kubwa. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe, nao waliyagundua hayo kwa kuwachunguza nzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva. Mwenyezi Mungu hakuona haya kuiweka siri hiyo ndani ya nzi.

Sasa tuyaendee maumivu. Mwaka 2022 Inès Daguet na wenzake wa Lyon, huko Ufaransa, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa vijana wanaume 12 wenye afya njema. Vijana hao walikaa saa 34 kitandani, wakiwa macho, katika chumba chenye mwanga hafifu usiobadilika, pasipo dalili yoyote ya kuwaonyesha kama nje ni usiku au mchana, wakila kidogo kidogo. Mara kwa mara ngozi yao iliguswa kwa joto lililopimwa, nao wakasema limeuma kiasi gani. Joto lile lile, ngozi ile ile. Ikaonekana kwamba liliuma zaidi karibu saa tisa ya usiku, na likauma kidogo kuliko wakati wote karibu saa tisa ya mchana. Wachunguzi walipopiga hesabu waliona kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo haikutokana na uchovu wa kukesha, bali na saa ya mwili yenyewe.

Saa tisa na saa tisa! Wale wanaohesabu kwa Kifaransa watasema saa tatu na saa kumi na tano, na watakosa utamu wa jambo. Sisi tunaohesabu saa kama walivyohesabu watu wa Biblia tunaona kwamba saa ya mchana iliyo nyepesi kuliko zote kwa mwili ndiyo saa ambayo Wainjili wanasema Bwana wetu alikata roho msalabani. Hatutaki kujenga fundisho juu ya hilo. Lakini angalieni: ziara zetu za wagonjwa, baada ya misa na chakula, huangukia karibu na saa tisa ya mchana. Tumechagua bila kujua saa ambayo mgonjwa anafanana zaidi na mtu mzima, kisha tunarudi na ripoti kwamba haumwi.

Hata hivyo vijana 12 wenye afya huko Lyon hawatoshi kumweleza mama mzee wa Lemera mwenye baridi yabisi, na mwalimu mwaminifu hapaswi kukaza kamba mpaka ikatike. Kila ugonjwa una saa zake. Baridi yabisi ile inayovimbisha viungo vya vidole na magoti hubana alfajiri na asubuhi, na madaktari wanajua sehemu ya sababu. Mwilini kuna homoni iitwayo kortizoli, ambayo kati ya kazi zake ni kutuliza uvimbe. Kiasi chake huwa chini kabisa karibu na usiku wa manane, kisha hupanda kuelekea wakati wa kuamka. Nazo kemikali za mwili zinazochochea uvimbe hupanda katika saa za mwisho za usiku. Moto unawashwa, na mwenye kuuzima bado yuko njiani. Kwa hiyo mgonjwa huamka akiwa mkavu kama mti, naye huhitaji saa nzima au zaidi kabla mikono haijamtii.

Watu wetu husema, «Ni baridi ya milima.» Ni kweli kwamba usiku wa huku juu una baridi, na mwenye viungo vibovu huisikia. Lakini tunamjua mama mmoja aliyeshuka kwa binti yake huko Luvungi, katika joto la bonde la Ruzizi, akitumaini kupona. Aliamka mkavu kule kama huku. Alikuwa ameihama milima. Saa ya mwili wake alisafiri nayo.

Tofauti na hiyo, magoti yaliyochakaa kwa kazi, ambayo gegedu lake limelika baada ya miaka arobaini ya kushuka sokoni na mzigo mgongoni na kamba pajini pa uso, kwa kawaida huuma zaidi kadiri siku inavyokwenda. Jioni ndiyo saa yao. Miguu ya mwenye kisukari, ambaye mishipa yake ya fahamu imeharibika, huwaka usiku hata uzito wa shuka ukawa adhabu. Kipandauso hupenda kuanza mapema asubuhi. Tena kuna aina moja ya maumivu ya kichwa, yasiyo ya kawaida lakini makali mno, ambayo huja nyuma ya jicho moja, mara nyingi usiku, katika saa ile ile, kila siku kwa majuma kadhaa, kisha hutoweka kwa miezi kana kwamba yalikuwa na ahadi mahali pengine.

Hapo ndipo tulipotaka kufika. Maumivu yanayokuja kila usiku saa ile ile, na kumwacha mtu mchana akitembea: katika vijiji vyetu neno gani husemwa juu yake? Mnalijua. Husemwa, «Kuna mtu anayemjia usiku.» Hutafutwa aliye mzee, aliye mjane, aliyekuwa na ugomvi wa shamba. Jimbo letu la Kivu ya Kusini limewazika wanawake waliouawa na makundi ya watu kwa neno kama hilo, na katika makundi hayo vijana hawakukosekana. Tunataka mlisikie hili kutoka kwa mwana parokia, si kwa mgeni: saa ya maumivu si ushahidi dhidi ya mtu yeyote. Maumivu kurudi saa nane usiku ni kama mmea ule kufunga majani yake. Anayeitumia saa hiyo kumshitaki jirani yake anamshuhudia uongo, na amri inayokataza jambo hilo mliikariri kabla ya Komunyo ya kwanza.

Hukumu ya pili ni ndogo lakini ni ya kila siku: kwamba mgonjwa anajifanya. Nasi hatuna mikono safi. Zamani za ualimu wetu tulikuwa na mwanafunzi aliyechelewa mara nyingi, akishika kichwa, na ifikapo saa sita alicheza mpira na wenzake. Tulimwadhibu. Tulimwita mvivu mbele ya darasa, tukaona tumemsaidia. Leo tunawafundisha walimu wanafunzi kwamba kichwa kinachouma asubuhi na kupona adhuhuri ni kichwa kinachopaswa kupelekwa kwa muuguzi. Lakini yule mwanafunzi hatuwezi kumrudishia asubuhi zake.

Lemera haikuanza kuumwa jana. Ninyi hamkuwa mmezaliwa tarehe 6 Oktoba 1996, siku hospitali yetu iliposhambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na wauguzi waliokuwa wakiwahudumia. Daktari Denis Mukwege, ambaye dunia nzima inamjua leo, ndiye aliyekuwa akiiongoza hospitali hiyo. Wako kati ya wazazi wenu waliobaki na vipande vya vita mwilini, makovu yanayovuta na mifupa iliyounga vibaya. Kwao usiku una kazi mbili. Mwili unasikia maumivu zaidi, na kimya kinairudisha kumbukumbu. Usingizi hukatika, na usingizi uliokatika hurudi kama deni, maana imethibitika mara nyingi kwamba asiyelala husikia maumivu makali zaidi kesho yake. Maumivu hufukuza usingizi, ukosefu wa usingizi huongeza maumivu, na mduara huo unaweza kumzungusha mtu miaka.

Wavuvi wa Uvira wanaweza kutufundisha jambo hapa. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, hasa usiku usio na mwezi. Mwezi ukijaa, taa hazina nguvu na wavuvi hupumzika. Basi mwili wa mvuvi hugeuzwa mchana kuwa usiku kwa siku nyingi, kisha hurudishwa, kisha hugeuzwa tena, kila mwezi. Muulizeni mvuvi mwenye mgongo mbovu ni siku zipi anaumia zaidi. Mkisikia akizihesabu kwa mwezi wa mbinguni, msicheke.

Kwa sababu hiyo tunaomba kusema neno juu ya mikesha, na tunajua litawaudhi baadhi yenu. Kukesha katika sala ni desturi takatifu, nasi tumekesha tangu ujana. Lakini kumchukua mgonjwa wa maumivu ya siku zote, kumketisha usiku kucha kwenye benchi bila chakula, na kumwambia kwamba imani yake itapimwa kwa macho yake yasiyofumba, hilo si sawa. Someni tena habari za Elia katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii amechoka hata anaomba kufa. Malaika hamfanyii hotuba. Anamwacha alale, anamwamsha ale, anamwacha alale tena, anamwamsha ale tena; safari na sauti ya Mungu vinafuata baadaye. Kanisa lenyewe, katika Sala ya Vipindi, lina sala ya mwisho kabla ya kulala, na baada yake watawa huenda vitandani.

Wako pia wanaosema kwamba kutafuta nafuu ni kuukimbia msalaba. Papa Pio XII alijibu jambo hili zamani, tarehe 24 Februari 1957, alipozungumza na madaktari waliomletea maswali juu ya dawa za kutuliza maumivu: Mkristu hana wajibu wa kuyataka maumivu kwa ajili ya maumivu, na ni halali kuyatuliza. Mtakatifu Yohane Paulo II, aliyeandika barua nzima juu ya maana ya mateso mwaka 1984, hakuwahi kufundisha kwamba dawa ni woga. Kwa hiyo anayemnyima mama mzee kidonge cha parasetamoli ili roho yake isafishwe ametunga dini yake mwenyewe.

Na kidonge chenyewe kina saa. Mwaka 2008 Frank Buttgereit wa Berlin na madaktari wenzake walitoa habari za wagonjwa 288 wa baridi yabisi waliokuwa wakitumia prednizoni. Baadhi yao walimeza asubuhi kama kawaida. Wengine walipewa kidonge cha pekee kinachomezwa saa nne usiku, ambacho huiachia dawa yake baada ya saa nne hivi, yaani karibu saa nane usiku, kabla moto wa alfajiri haujawaka. Dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni saa ambayo mwili unaipata. Ukavu wa asubuhi ulipungua wazi kwa hao wa usiku, na kwa wale wa asubuhi haukubadilika ila kidogo sana. Kidonge hicho hatukitarajii katika vituo vyetu vya afya, wala hatuwashauri mpange wenyewe saa za dawa ya mtu, kwa maana prednizoni ina hatari zake na wengi wameharibiwa nayo kwa kuinunua sokoni. Tunachosema ni kwamba muuguzi anapouliza, «Unaumwa wapi?», mgonjwa amwambie pia ni saa ngapi. Neno hilo moja humsaidia muuguzi kutenganisha goti lililochakaa na goti lenye uvimbe, na matibabu yake si mamoja.

Sasa ziara zetu. Hatuwaambii mtembee milimani saa tisa ya usiku. Hali ya usalama inajulikana, na mzazi yeyote mwenye akili atakataa. Lakini Bwana wetu, usiku ule wa Getsemani, aliwaomba rafiki zake kitu kimoja tu, wakae macho naye saa moja, na walilala. Kijana anayelala nyumba moja na koko wake tayari yupo bustanini. Akisikia kitanda kinalia, aamke, achochee moto, amsugue miguu, aseme neno au asiseme. Huo ni mkesha, na hauhitaji kipaza sauti.

Na wengine wanaweza kufanya kazi za jioni zinazoitazama asubuhi: kuteka maji kabla ya giza, kulegeza kifuniko cha dumu ili mkono mkavu ukifungue, kuweka kuni ndani karibu na mafiga. Asubuhi, mgonjwa atolewe nje kwenye mwanga mapema. Sisi tulio karibu na ikweta tuna jua linalochomoza karibu saa ile ile mwaka mzima, saa kumi na mbili, na hakuna saa ya mwili inayoweza kuomba kengele iliyo aminifu kuliko hiyo. Usiku, kinyume chake, nyumba iwe na giza. Hapa tunawatazama ninyi wenye simu, ambazo mwanga wake humwamsha mgonjwa chumbani na kumpotosha mwenye simu mwenyewe.

Katika daftari la ziara tumeongeza mstari mmoja. Chini ya jina na mahali panapouma, kijana ataandika saa: maumivu huanza saa ngapi, hulegea saa ngapi, na sisi tumefika saa ngapi. Kurasa za kwanza zimeshaletwa. Mmoja ameandika «jioni, baada ya shamba». Mwingine ameandika «alfajiri mpaka saa tatu». Kijana mmoja ameandika «kila saa» bila kuongeza neno, na kwa mgonjwa huyo tumeomba muuguzi afike mwenyewe juma hili. Mama yule wa maharagwe amerudishwa kwenye orodha ya sabuni.